Jiwe la Mugere na Mawe ya Wabikari

Mgeni akifika Bujumbura na kuuliza kuna nini cha kuona nje ya mji, hupelekwa Mugere. Ni karibu, hapafiki kilomita 15, na kuna mwamba mkubwa uliochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25-XI-1871. Atapigwa picha ameegemea mwamba, na mara nyingi ataambiwa, bila aliyemwambia kupepesa macho, kwamba hapo ndipo Stanley alipotoa ile salamu yake iliyovuma duniani. Si kweli, na hili halihitaji baraza. Wawili hao walikutana Ujiji, na Mugere walifika baadaye katika safari ya mtumbwi ya siku 28, walipokwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, na swali la chanzo cha Nili likasogea kwingine. Uongo wa salamu umesahihishwa na wengi, mwenye kuupenda aendelee kuupenda. Kinachonikera ni kwamba jiwe hilo moja limeimeza pwani yote. Magari hugeuzia hapo. Barabara namba 3 inaendelea kusini ikifuata ziwa hadi Rumonge na Gatete, na huko ndiko kulikotokea jambo zito kuliko usiku mbili za wasafiri waliokuwa wakipita tu.

Asili ya makazi ya pwani hii inafahamika na sitairudia yote. Chumvi ya Uvinza ilipanda kaskazini, samaki wakavu wakapanda milimani, mitumbwi ya Wajiji ikatia nanga kila penye kijito, na Waswahili na Waarabu wa Ujiji wakaongeza bidhaa zao, watu wakiwamo. Kiswahili kikabaki, hata leo anayeuliza bei ya ndagala kwa Kiswahili katika soko la Rumonge hadhaniwi mgeni. Ila kuna dai moja siwezi kulipita kimya, kwamba michikichi ya Rumonge ililetwa na Wabelgiji. Msafiri Mwingereza Burton alifika Ujiji Februari 1858, miaka zaidi ya 50 kabla Mbelgiji yeyote hajatawala Burundi, na alieleza kwa urefu mchikichi na mafuta yake, akiyataja kwa jina lilelile la mawese, kama bidhaa ya kawaida ya mwambao huu. Walichofanya Wabelgiji ni kuipanga mistari. Mti waliukuta.

Sasa tumrudie Stanley. Katika kitabu chake ameeleza jinsi mtumbwi wao ulivyopita Bikari, kijiji cha pwani hii ya Urundi. Watu wakajitokeza ufukoni wakawaita washuke, wakawatishia hasira ya mwami, mfalme wa Urundi, endapo watapita bila kusimama. Madai yao hayakuwa ya ajabu: apitaye hutoa hongo, nayo zama hizo ilikuwa ushuru wa njia, si rushwa tunayoijua leo. Wasafiri hawakusimama. Mawe yakarushwa. Moja lilianguka karibu sana na mkono wa Stanley, naye akapendekeza risasi ipigwe mahali karibu na miguu ya warushaji. Livingstone hakusema neno, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakupendezwa, na bunduki ikabaki kimya. Ninamshukuru Stanley kwa maelezo hayo, maana hakuwa rafiki wa Wabikari wala hakuwa na sababu ya kuwapamba. Yeye aliona ushenzi. Msomaji asiye na haraka anaona watu wenye pwani yao, wenye kanuni ya kupita, wanaoijua tofauti kati ya aliyeomba njia na aliyeichukua.

Miaka minane baadaye, Julai 1879, wakaja waliokusudia kukaa. Askofu mkuu Lavigerie wa Algiers alikuwa amewatuma mapadre wake, hawa tunaowaita Mapadre Weupe, katika misafara miwili ya maziwa: mmoja kwa Kabaka Mutesa, mwingine Tanganyika. Wa Tanganyika wakaongozwa na Padre Deniaud hadi Rumonge, wakajenga. Baadaye walifuatwa na walei wenye silaha, baadhi yao waliowahi kuwa askari wa kumlinda Papa kule Roma. Mbelgiji d'Hoop alikuwa mmoja wa hao. Kazi kuu ya kituo ilikuwa watoto. Mapadre waliwakomboa watoto wa utumwa kwa vitambaa na shanga, wakawakusanya katika makao yao, wakawafundisha dini. Tarehe 4 Mei 1881 Deniaud, Padre Augier na d'Hoop waliuawa na Wabikari, na kisa kilichotajwa na wamisionari wenyewe ni ugomvi juu ya mtoto aliyekombolewa, ambaye Wabikari walidai ni wao. Kituo kikafungwa. Waliosalia wakahamia ng'ambo ya magharibi, kwenye pwani ya Kongo, na kanisa la kudumu halikuanza Burundi hadi 1898, Muyaga, mashariki kabisa ya nchi, kwa njia ya nchi kavu. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja wa pwani hii aliigeuza njia ambayo Ukristo uliingilia nchini, na jina lake halimo popote.

Vitabu vya kanisa huwaita watatu hao mashahidi wa kwanza wa Burundi, vikaishia hapo, kana kwamba waliuawa kwa sababu ya imani. Waandishi wa baada ya uhuru nao hupenda kuona hapo upinzani dhidi ya mkoloni, jambo ambalo halisimami: mkutano wa Berlin ulikuwa bado miaka mitatu mbele, na Mwami Mwezi Gisabo alikuwa milimani, hana mkono katika ugomvi wa kijiji. Ninavyoona mimi, kilichopiganiwa ni haki ya mtu juu ya mtu wake. Tazama jambo lenyewe kutoka ufukoni. Amekuja mgeni ana bunduki, ana vitambaa, ananunua watoto na kuwafungia uani mwake. Yeye anaita kukomboa. Lakini aliyesimama nje ya ua anaona mnunuzi kama wanunuzi wengine wa Ujiji, tofauti ni kwamba huyu haondoki. Mtoto aliyeibwa akauzwa, ndugu zake wakijua yuko wapi, hawatauliza bei, watakuja kumchukua. Nia njema ya Deniaud siitilii shaka hata kidogo. Ila nia haionekani kwa mbali, kinachoonekana ni malipo.

Atasema mtu kwamba huku ni kuwatetea wauaji. Hapana. Watu watatu waliuawa, na kueleza ugomvi ulitoka wapi si kuuhalalisha. Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi: habari zote za siku ile zimetoka upande wa wamisionari, Wabikari hawakuandika kitu, basi mimi nimepata wapi ujasiri wa kusema walichokiona? Hapo ndipo mawe ya 1871 yanaponisaidia. Shahidi mwingine kabisa, wa safari nyingine, asiye na habari ya mapadre, anatuonyesha watu walewale wakidai jambo lilelile: asiyetutambua kuwa wenye pwani asipite. Hongo ya mtumbwi na mtoto wa uani si kitu kimoja, nakubali. Lakini msingi wa madai ni mmoja, na mashahidi wawili wasiojuana, wote wakiwa wapinzani wa mtuhumiwa, wakikubaliana katika jambo linalomfaa yeye, hata kadhi mkali angesikiliza.

Pingamizi la mwisho hutolewa na watu wa utalii: Mugere kuna jiwe la kuonyesha, Rumonge kuna nini? Hakuna gofu ufukoni. Jibu langu ni kwamba ufuko wenyewe si ule. Ziwa Tanganyika huhama. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta ile mitende mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa imo majini, hatua kadhaa kutoka nchi kavu. Mto Lukuga, tundu pekee la ziwa, ulikuwa umezibwa kwa tope na matete, na maji yakawa yanajaa kama beseni. Yalifikia kilele karibu na 1878, kisha kizuizi kikavunjika. Hore, nahodha wa wamisionari Waingereza wa Ujiji, aliuona Lukuga ukitiririka kwa nguvu mwaka 1879 na akaweka alama ya kupimia jinsi ziwa linavyoshuka. Katika miaka kama 15 likashuka karibu mita 10. Zingatia maana yake kwa uwanda ulio bapa kama wa Gatete, ambapo mita 10 za kimo zinaweza kuwa mwendo mrefu wa mguu. Mapadre walijenga Rumonge ziwa likiwa bado juu. Anayetafuta alama yao kwenye mchanga wa leo, penye mitumbwi na taa za wavuvi, anatafuta mahali palipokuwa chini ya maji. Maji yao ya 1879 yaliishia ndani, huku penye michikichi.

Wala si lazima gofu liwe refu ndipo litembelewe. Huko Ireland, bonde la Glendalough katika milima ya Wicklow lina makanisa ya watawa, mengi yasiyo na paa, kando ya maziwa mawili, na watu hutoka mbali kutembea humo, nusu kwa ajili ya mawe, nusu kwa ajili ya miti na maji. Mwambao wetu hauna upungufu wa hivyo viwili. Kuna chemchemi za maji moto za Mugara, chini ya milima inayouzuia uwanda. Kuna msitu wa Kigwena, mabaki ya msitu wa uwandani, kando kabisa ya barabara ya Nyanza-Lac, na mazao yameusonga pande zote. Kati ya chemchemi na msitu kuna viwanda vidogo vya mawese, ambavyo peke yavyo vingetosha kumsimamisha msafiri: chikichi zinachemshwa kwenye mapipa yaliyowekwa juu ya mafiga, zinapondwa, kisha vijana wanasukuma mti wa mashine kwa kuzunguka kama punda wa kinu, na mafuta mekundu yanatiririka yakiwa bado na mvuke. Kokwa zinatupwa pembeni kungoja kuvunjwa, kwa sababu mise, kiini cha kokwa, nayo ina mafuta yake. Burton angeijua harufu hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, na mengi bado ni kidonda. Wajerumani, Wabelgiji, uhuru wa 1962. Aprili 1972 maasi yaliyozukia Rumonge na Nyanza-Lac yakajibiwa na mauaji ya nchi nzima, watu wakakimbilia Tanzania, mashamba yao ya uwandani yakagawiwa wengine na sehemu ikaingizwa katika mradi wa michikichi. Waliporejea baada ya mkataba wa Arusha wa 2000 walikuta mti wa mwingine umesimama juu ya mpaka wao, na kesi za mashamba hayo zingali zinawagombanisha majirani wa Gatete. Ugomvi wa nani mwenye haki ya kukaa pwani haukuisha na Wabikari.

Na katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena. Nyumba za ufukoni Rumonge zimeingiliwa, na watu wanasema ziwa limewavamia. Yeyote mwenye nia ya kuutafuta uwanja wa mapadre asiende huko. Achukue kamba na kipimo cha usawa, aanzie ukingo wa maji, apande kimo cha mita kadhaa kuelekea Mugara, kisha auweke mgongo milimani na atazame ziwa akiwa hapo, katikati ya michikichi ya watu, baada ya kuomba njia.