Silinda, Ujazo na Kabureta: Majina ya Injini Ndogo ya Petroli Kisiwani Unguja

Mwanafunzi wa Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, hufundishwa katika somo la hisabati kwamba umbo refu lenye duara sawa pande zote mbili huitwa mcheduara. Akitoka skuli akapita mahali ambapo fundi ameifungua injini ya gari dogo, umbo lile lile, lililochongwa ndani ya chuma, husikia likiitwa silinda. Hakuna aliyekosea. Lakini siku atakapoingia chuo cha mafunzo ya amali na kupewa karatasi ya mtihani iliyotafsiriwa na mtu asiyepata kuingia gereji, ni shaka kama atajua anaulizwa nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi majina ya injini ndogo ya petroli yalivyoingia kisiwani, na kwa nini baadhi yake hayafai kuguswa.

Injini haikuja Unguja kwa mara ya kwanza na motokaa. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alijengewa reli nyembamba kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani. Mabehewa yalikokotwa kwanza na nyumbu, kisha mwaka 1881 ikaagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Mwaka 1905 ikafuata reli ya Bububu. Kiswahili kikauita usafiri huo gari la moshi, maana moshi ndio ulioonekana na kila mtu. Injini ya petroli haikuwa na alama kubwa kama hiyo. Ilijificha chini ya boneti, na chombo kikaja na jina lake lenyewe, motokaa. Jina hilo limefifia, na neno gari, ambalo asili yake ni Kihindi, ndilo lililobaki.

Yapo majina machache yaliyopatikana bila ya taabu. Watu wa pwani walikwisha kushika usukani wa majahazi kabla hawajaona gari, na neno likahama kutoka baharini hadi barabarani. (Kwamba lenyewe ni la asili ya Kiarabu hakumsumbui mtu.) Chujio nalo lilitoka jikoni. Lakini ndani ya injini hapakuwa na kitu cha zamani cha kukopesha jina. Pistoni, ringi, valvu, gasketi, plagi, kabureta: maneno haya hayakupitia kikao chochote. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya skuli, na mafundi hawakuingoja. Mwanagenzi alipokea spana kwa mkono mmoja na jina la kifaa kwa mkono wa pili.

Hapa Bwejuu ina la kutufunza. Kijiji hiki kimo katika eneo la lahaja ya Kimakunduchi, wala si la Kiunguja cha mjini kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo msemaji wa huko ameazima mara mbili: usanifu kutoka mjini na kabureta kutoka ng'ambo. Katika vitu vingi vya nyumbani na vya baharini analo neno lake la kushindana na la mjini. Katika kabureta hana, wala mtu wa mjini hana.

Ukubwa wa injini hizi haukubadilika sana. Injini ndogo ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1951 katika Austin A30 ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 803. Ile ya Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na 848. Toyota Vitz, gari dogo la Kijapani lililotoka mwaka 1999 na kuenea Tanzania likiwa limekwisha kutumika kwao, lilikuja na injini ya silinda nne yenye 997, na toleo la mwaka 2005 likaja pia na injini ya silinda tatu yenye 996. Tarakimu hizi si mapambo. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania umeweka kwa miaka mingi mpaka mmoja kwenye 1,000, na gari la 997 limo upande wa nafuu. Mfasiri wa fomu akiandika "ukubwa wa injini", mwenye gari anaweza kufikiri anaulizwa urefu na upana. Neno ni ujazo. Mtaani husemwa "sisi", kwa herufi mbili za Kiingereza, na swali "gari yako sisi ngapi?" linaeleweka pote, lakini haliwezi kuandikwa katika sheria bila ya kuchekesha.

Vivyo hivyo injini hizi huitwa za mipigo minne, kwa kuwa pistoni huvuta, hukandamiza, husukumwa na mlipuko, kisha hutoa moshi. Mfasiri anayefuata kamusi bila ya kutazama chuma anaweza kuuita mpigo huo kiharusi.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limefuata utaratibu wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo lugha za nje. Kwa mambo ya sheria na utawala naukubali. Kwa pistoni sioni faida yake.

Kwa kabureta shauri ni jengine. Zamani hewa ilipita kwenye koo jembamba la kabureta na kuivuta petroli pamoja nayo. Katika Vitz kazi hiyo imeondolewa: petroli hupulizwa na nozeli, ambayo mafundi huiita nozo, kwa amri ya kisanduku cha umeme. Neno limebaki na pikipiki na majenereta ya zamani. Kisanduku chenyewe mafundi hukiita kontroli boksi, jina refu ambalo huenda likajifupisha lenyewe vinywani mwao. Wanaofundisha amali Unguja na Pemba wangelifanya hisani kuandika wanavyolisikia, kabla jina jengine halijabuniwa mezani.