Gundi: Ilitoka Wapi Hadi Steji ya Ogembo?

Siku ya soko, pale steji ya Ogembo, lazima umewahi kumwona kijana amebana kichupa cha plastiki kwa meno, macho mekundu, miguu haimtii. Tunamwita chokoraa, tunapita. Lakini hebu jiulize, mambo haya yalianzia wapi?

Hayakuanza kwetu, wala hayakuanza kwa maskini. Mwaka 1799 huko Bristol, Uingereza, mwanasayansi Humphry Davy alivuta gesi ya kuchekesha, na baadaye wenye pesa wakawa wanaivuta katika karamu zao. Gundi nayo ilitajwa kwenye magazeti ya Marekani mwaka 1959: watoto walikuwa wakinusa ile ya kuundia ndege za kuchezea. Magazeti yakapiga kelele, na watoto wa miji mingine wakajaribu!

Mwaka 1970 daktari Millard Bass akaandika kuhusu vijana 110 waliokufa ghafla Marekani baada ya kuvuta mivuke ya namna hii. Si ati walikosa pumzi kwenye mfuko. Ni moyo. Mvuke huu huufanya moyo ushtuke upesi, kisha mtu akiogopa au akikimbia, mapigo yanavurugika na kusimama. Yaweza kuwa mara ya kwanza kabisa kuvuta.

Asiyekufa hivyo huliwa polepole. Ndani ya gundi ya viatu mna tolueni, nayo hupenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Kumbukumbu huisha, mwendo huyumba, masikio na figo huharibika. Gundi nyingine zina heksani, inayoua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Japani ililijua hilo miaka ya 1960 kwa mafundi wa ndala, watu waliokuwa kazini tu, hawakutafuta kulewa.

Hapa Kenya gundi ilienea kwa watoto wa mitaani hasa miaka ya 1990. Wenyewe husema inaua njaa na baridi, na mimi siwezi kuwabishia, sijalala nje Kisii mwezi wa Julai. Mwaka 2003 serikali mpya iliwaondoa wengi mitaani Nairobi, wengine wakapelekwa NYS, ukaundwa na mfuko wa familia za mitaani. Gundi ikabaki dukani, maana fundi viatu anaihitaji kwa halali.

Basi siku ukisikia "mwizi!" na watu wanamfukuza kijana mwenye kichupa, wakumbuke wale 110. Mbio zile zinaweza kumuua kabla ya jiwe kumfikia. Ukimkuta ameanguka, mtoe kwenye mvuke, mlaze ubavu, usimpigie kelele, mfikishe hospitali na useme alichokuwa akivuta.