Matanga: Neno la Msiba Kisiwani Mafia

Tanga ni kile kinachokamata upepo chomboni, lakini wingi wake, matanga, katika pwani ya Afrika Mashariki ni pia kipindi ambacho jamaa na majirani hukusanyika kwa wafiwa na kulala chini pamoja nao. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati kilichochapishwa mwaka 1870, aliziweka maana hizo bega kwa bega: matanga ni mikeka mikubwa, tena ni matanga ya chombo, na kukaa matanga ni kuomboleza kwa siku tano hadi kumi, mpaka matanga yaondolewe. Zama hizo mtepe, yaani chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa ukisafiri kwa tanga lililosukwa kwa majani, na kwa hiyo kwa kuwa hata tanga la chombo lilikuwa mkeka, huenda msiba ulipewa jina la mikeka iliyotandikwa kuwakalisha waombolezaji.

Mafia yahusika sana na jambo hili, kwa kuwa ususi ni kazi ya wanawake wa kisiwa hicho tangu zamani. Wao husuka ukili, yaani utepe mrefu wa majani, kisha hushona kili nyingi pamoja hadi upatikane mkeka, au jamvi, ambalo ni pana na gumu zaidi. Makaburi ya mawe ya Kua, mji wa kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, uliovunjwa na Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, huwakumbusha wageni mabwana wa zamani. Jamvi, lisilodumu kama jiwe, limewahudumia maiti wengi zaidi.

Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alieleza kwamba mtu huko huhesabu ukoo kwa baba na kwa mama pia, hivyo kifo kimoja hugusa koo kadhaa. Sheria ya Kiislamu huweka siku tatu za maombolezo, isipokuwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Hitima, yaani kisomo cha kuikamilisha Kurani, huambatana na karamu.

Leo watu wengi wa Tanzania Bara husema msiba tu, na mikeka ya plastiki imeingia majumbani. Wakusanyaji wa msamiati wa Mafia na waanze kwa wasusi wazee, ambao wanayajua majina ya kila aina ya mkeka na matumizi yake.