C bila H

Mazoezi ya kufundisha yamekwisha, nimerudi chuo na deni. Dogo mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, kwa nini kwenye Kiswahili C haikai bila H?" Nikajibu ndivyo ilivyo. Wakacheka! Iliniuma, bwana.

Basi nikazama maktaba. Kumbe C ilianza kama G! Ni gamma ya Wagiriki, nao waliichukua kwa Wafoinike. Waetruski wa Italia lugha yao haikutofautisha G na K, wakaifanya K. Warumi wakairithi hivyo hivyo, herufi moja sauti mbili. Karne ya 3 kabla ya Kristo wakaongeza kistari kwenye C, ikazaliwa G. Lakini jina Gaius wakaendelea kulifupisha "C." Mazoea hayo, jamani!

Baadaye C mbele ya E na I ikageuka tena: Waitalia wanaitamka "ch", Wafaransa "s".

Sasa kwetu. Walioandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, akina Edward Steere kule Zanzibar miaka ya 1870, walikuwa Waingereza, na kwao sauti hiyo huandikwa ch. K na S zilishajaza kazi nyingine, C ikabaki haina ajira peke yake. Ingeweza kuwa vingine: Wanyarwanda mchele wanaandika "umuceri", wanatamka umucheri, wala H hawaihitaji.

Dogo, kama unasoma hapa, jibu lako hilo. Samahani kwa kuchelewa.