Marufuku ya mabasi kusafiri usiku Tanzania

Marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilikuwa amri ya serikali ya Tanzania iliyozuia mabasi ya abiria ya masafa marefu kuwa barabarani usiku wa manane. Ilianza katika miaka ya 1990 na kudumu kwa takriban miongo mitatu. Mwezi Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Dodoma kwamba mabasi yataruhusiwa kusafiri saa 24, na utekelezaji ulianza tarehe 1 Oktoba 2023 chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Makala hii inaangalia hasa mkoa wa Tanga na pwani ya kaskazini, ambako barabara kuu za kwenda Arusha, Moshi na Mombasa zinapita.

Asili ya marufuku

Sababu mbili zilitolewa, ajali na ujambazi. Miaka ile barabara nyingi zilikuwa mbovu, magari mengi yalikuwa chakavu, na majambazi waliweza kuziba njia kwa magogo au mawe na kuwapora abiria gizani. Katika mikoa ya Kagera na Kigoma, baadhi ya mabasi yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi hata mchana.

Kwa kawaida basi lilitakiwa liwe limesimama ifikapo saa 6 usiku, na kwa miaka mingi mengi hayakuondoka kituoni kabla ya saa 12 asubuhi. Basi lililochelewa kwa pancha au kwa tope lililazimika kulala njiani. Abiria walilala kwenye viti vyao au chini kwenye kanga na mikeka, pamoja na watoto wachanga na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali za rufaa. Safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza au Bukoba ilikuwa hivyo mara nyingi.

Agizo hili lilihusu mabasi tu. Malori, magari binafsi na magari ya kukodi yaliendelea kutembea usiku kucha. Treni nayo haikuguswa: treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorudishwa mwaka 2019, hupita Korogwe na Mombo usiku.

Hali ya mkoa wa Tanga

Mji wa Tanga uko kilomita 350 hivi kutoka Dar es Salaam, safari ya saa tano au sita. Basi linaloondoka saa 8 mchana hufika kabla ya usiku wa manane, kwa hiyo marufuku haikuwabana sana wasafiri wa njia hiyo. Waliobanwa zaidi ni wale waliotaka kwenda mbali, kwa mfano Mwanza, na wafanyabiashara waliotaka kusafiri usiku, wafanye shughuli zao Kariakoo mchana, na warudi usiku unaofuata bila kulipia nyumba ya wageni.

Barabara zenyewe lakini zinabeba mzigo mkubwa. Kutoka Chalinze njia hupita Msata, Mkata, Kabuku na Michungwani hadi njiapanda ya Segera. Hapo mkono mmoja unaelekea Hale, Muheza, Pongwe na Tanga mjini, kisha Horohoro kwenye mpaka wa Kenya. Mkono mwingine unakwenda Korogwe, Mombo na Mkomazi, ukifuata miguu ya milima ya Usambara hadi Same. Mabasi ya Arusha na Moshi, malori ya saruji kutoka Pongwe na malori ya bandari ya Tanga yote hukutana katika barabara hiyo, ambayo sehemu kubwa ina njia moja kwenda na moja kurudi. Kulipita lori lililo mbele maana yake ni kuingia upande wa gari linalokuja.

Ajali mbili za mkoa huu zinaonyesha mipaka ya marufuku. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Coaster iliyokuwa imebeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo, mkoani Kilimanjaro, iligongana na lori aina ya Fuso eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe. Watu 17 walifariki kwa mujibu wa taarifa za kwanza, na idadi ikaongezeka baadaye. Marufuku ilikuwa bado ina nguvu, lakini isingeweza kuizuia safari ile: gari lilikuwa la msiba, si basi la ratiba, na saa 6 usiku ilikuwa haijafika.

Ajali ya pili ilitokea usiku wa tarehe 13 Januari 2025 eneo la Segera, wilayani Handeni. Watu walikuwa wamekusanyika kuwasaidia majeruhi wa ajali iliyotangulia, lori likawaparamia. Watu 11 walikufa. Waliokufa hapo hawakuwa abiria wa usiku, na wengi walikuwa wametoka tu kuokoa wenzao.

Hatari za usiku

Dereva wa basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa mabasi na malori nje ya makazi, husogea mita 22 kila sekunde. Taa zikiwa zimeinamishwa ili zisimpofushe anayekuja, huangaza mita chache za makumi mbele. Kabla mguu haujafika kwenye breki, basi limeshapita sehemu kubwa ya umbali huo. Ndiyo maana lori bovu lililoachwa barabarani bila pembetatu ya kuakisi mwanga ni mtego. Madereva wengi wa Tanzania huweka matawi ya miti nyuma ya gari lililoharibika. Mchana ishara hiyo inaeleweka na kila mtu, lakini jani halirudishi mwanga, na usiku dereva huliona akiwa ameshalifikia.

Jambo la pili ni usingizi. Mwili wa binadamu hulegea zaidi kati ya saa 8 usiku na alfajiri, hata kwa mtu aliyelala mchana. Barabara iliyonyooka, kama vipande vya kati ya Mkata na Segera, huongeza usingizi huo.

Wapinzani wa marufuku walikuwa na hoja nzito: saa ya kikomo yenyewe ilizalisha mwendo kasi. Dereva aliyejua kwamba asipofika atalala porini alikimbiza gari mchana, tena katika saa ambazo watoto wa shule, baiskeli na bodaboda wamejaa kando ya barabara.

Kuondolewa na masharti

Kuruhusiwa kwa safari za usiku hakukuwa kufungua milango tu. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, inataka basi liwe na kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari. Kifaa hicho hutuma taarifa za mahali lilipo na kasi yake. Dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuwasha safari, ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani. Safari inayozidi saa 8 inahitaji madereva wawili. Sharti hili la mwisho linategemea uaminifu wa mwenye basi: dereva wa pili asipopewa mahali pa kulala, wote wawili huchoka pamoja.

Kwa Tanga kuna suala jingine linaloanza pale safari inapokwisha. Zamani mabasi yaliingia hadi Ngamiani, katikati ya mji. Siku hizi kituo kikuu kiko Kange, nje ya mji, na vivyo hivyo Dar es Salaam kituo kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Mabasi makubwa yamepungua katikati ya mji, lakini abiria anayeshuka saa 9 usiku hana daladala. Humbidi achukue bodaboda au bajaji hadi Makorora, Chumbageni au Raskazone, au asubiri kituoni kupambazuke. Kwa mwanamke mwenye mtoto na mizigo, kilomita hizo chache huweza kumtia hofu kuliko mamia aliyosafiri.

Hatua zinazofanana kwingineko

Huko huko Tanzania, mwaka 2017, baada ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, pikipiki zilizuiwa kutembea usiku katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga mkoani Pwani. Hapo lengo lilikuwa wauaji waliotumia pikipiki, wala si ajali, na madereva wa bodaboda walipoteza kipato cha usiku kwa makosa yasiyo yao.

Kenya iliweka leseni maalumu ya safari za usiku baada ya ajali ya Ntulele, kaunti ya Narok, iliyoua watu 41 tarehe 29 Agosti 2013. Baada ya ajali nyingine ya Migaa, barabara ya Nakuru–Eldoret, iliyoua watu 36 tarehe 31 Desemba 2017, safari zote za mabasi za usiku zilisimamishwa, kisha zikaruhusiwa tena kwa masharti mwezi Januari 2018. Wasafiri wa Tanga waliokwenda Mombasa kupitia Horohoro na Lunga Lunga walikuta hivyo kanuni tofauti kila upande wa mpaka.

Nchini Uganda, wakati wa korona, waendesha bodaboda walitakiwa kuacha kazi jioni mapema kuliko watu wengine. Zuio hilo liliendelea kwa bodaboda hata baada ya amri ya kutotoka nje kuondolewa kwa watu wengine tarehe 24 Januari 2022.