Kutoka Kipande Hadi Viza: Dai Sababu

Babu yangu alitoka Kitui kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge akiwa na kipande shingoni. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kijisanduku cha chuma, nayo ilikuwa na jina lake, wilaya yake, alama za vidole, mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Sheria ya kikoloni ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16. Uchungu wake ulikuwa kwenye saini. Mwajiri asiposaini kwamba amekuachilia, huandikwi kazi kwingine. Ukiondoka hivyo hivyo, wewe ni mtoro na polisi wanakusaka.

Babu aliwahi kunyimwa saini hiyo. Alimtafuta mtu anayejua kusoma, akaandikiwa barua, akaipeleka kwa DC, mkuu wa wilaya, na kukaa pale nje ya ofisi hadi mwajiri alipoulizwa kwa nini. Ninamheshimu sana kwa hilo. Alidai sababu, wakati ambapo sheria haikumpa haki ya kuidai.

Kipande kiliondolewa 1947, ukaja usajili wa watu wa rangi zote. Lakini kibali cha kuvuka mpaka, yaani pasipoti, kilibaki mkononi mwa wakubwa, hata baada ya uhuru. Katika miaka ya 1980, John Harun Mwau, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kilome huku kwetu Makueni, alinyang'anywa pasipoti akaenda Mahakama Kuu. Alishindwa. Mahakama ilisema pasipoti ni mali ya serikali, na raia hana haki ya kuidai. Uamuzi huo uliwakalia Wakenya kwa zaidi ya miaka 20, hadi 2007 Mahakama Kuu hiyo hiyo ilipobadili msimamo katika kesi nyingine. Katiba ya 2010 ikamaliza ubishi: Kifungu cha 12 kinampa raia haki ya pasipoti, cha 39 haki ya kutoka nchini, na cha 47 haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapomuumiza. Pasipoti yako ikicheleweshwa bila maelezo, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hulipi chochote.

Viza ni jambo jingine, kwa sababu mlango ni wa nchi nyingine na Katiba yetu haiufungui. Hata hivyo sababu inadaiwa. Mimi huwajazia watu fomu hapa Wote, na nimeona barua nyingi za kukataliwa. Binti mmoja wa Mutomo alitaka kwenda Italia kumwona dada yake aliyejifungua. Fomu ilirudi na alama kwenye kisanduku cha uwezo wa kifedha. Tulipofungua taarifa yake ya benki tukaona: akaunti kavu kwa miezi, kisha donge la pesa wiki moja kabla ya kuomba. Zilikuwa pesa halali, za harambee na ng'ombe wawili wa mjomba, lakini afisa angejuaje? Tuliambatisha risiti ya mnadani, orodha ya wachangaji na barua ya mjomba, akaomba upya, akapata.

Nchi za Schengen hutakiwa kukuandikia sababu na kukuruhusu kukata rufaa. Muda wao wa kawaida wa kuamua ni siku 15, na unaweza kufika 45, kwa hiyo usinunue tiketi mapema. Viza ya matembezi ya Marekani haina rufaa: unaomba upya na kulipa ada upya, na usirudi kama hali yako haijabadilika.

Ndugu yangu, usiichane barua ya kukataliwa. Isome, ujibu kile ilichosema. Na wakala akitaka kukutengenezea taarifa ya benki, mkatalie: Uingereza humfungia mwenye hati za uongo miaka 10.