Mlango wa tembe na sumaku

Agosti 1871 Mirambo aliishambulia Tabora, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley aliuona moto akiwa Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Kuta za tembe ni za udongo, na paa la miti limefunikwa udongo pia. Udongo hauwaki. Kinachobaki dhaifu ni mlango, maana ni wa mbao.

Nyumba za kutunzia wazee leo zina mlango mzito unaozuia moto na moshi. Shida ni kwamba bibi mwenye mkongojo hawezi kuusukuma, basi watu wanauwekea jiwe ubaki wazi. Moto ukitokea, moshi unapita bila hodi!

Dawa yake ni sumaku ya umeme inayoushikilia mlango ukiwa wazi. King'ora kikilia, au umeme ukikatika, sumaku inaachia na mlango unajifunga wenyewe.

Ila kujifunga si kupigwa kufuli. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mlango mzuri huuzuia moto, lakini mtu akiusukuma, humpisha.